Mafuta ya Breki Mwezi wa Mlisho

Kila mwaka mwezi wa mlisho, kabla Ramadhani haijaandama, babangu na mamangu walikuwa na kazi yao moja ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Walikwenda Ganjoni kubadilisha mafuta ya breki ya gari. Baba hulala chini ya gari na spana yake, na mama hukaa kiti cha dereva, akavua kiatu, akapandisha buibui lake kidogo, akangoja kuambiwa akanyage.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kijani, kongwe kunishinda mimi. Baba alilinunua alipokuwa karani bandarini, kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Tulikaa Mji wa Kale, ghorofani, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na kichochoro chenyewe punda na shehena yake hupita kwa kuombana radhi na watu. Kwa hivyo gari lililala Ganjoni, kwenye banda nyuma ya nyumba za ghorofa, kwa hisani ya rafiki yake baba. Akilitaka, huenda akalileta mpaka mdomoni mwa kichochoro, akapiga honi, nasi tukateremka tumevaa nguo za kutokea.

Kwa asiyejua, ukikanyaga breki ya gari kama lile, mguu wako husukuma mafuta yaliyomo ndani ya vipaipu, na mafuta hayo ndiyo yanayokwenda kuyabana magurudumu. Mafuta ya kawaida yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Na hewa yetu ya Mombasa kila mtu anaijua, chumvi jikoni haikai kavu hata uifunike vipi. Maji yakishaingia, chuma hushika kutu kwa ndani, mipira huraruka, na siku moja unakanyaga, mguu unateremka hadi chini bila ya kitu kukuzuia. Ndiyo maana baba aliyatoa yote kila mwaka, akatia mapya. Na kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Lazima mmoja awe juu akikanyaga na mwengine awe chini akifungua na kufunga nati ndogo iliyo nyuma ya kila gurudumu, mpaka mafuta ya zamani yatoke na hewa yote itoke nayo.

Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko huko Ganjoni, nami nilipenda kuwapitia jioni nikitoka kazini. Nilikuwa nikiwasikia kabla sijawaona. Baba kutoka chini husema, "Kanyaga." Mama hukanyaga. "Shika." Mama hushikilia pale pale. Kisha, "Wata," na mama huuachilia mguu ukarudi juu. Baina ya neno na neno mama alikuwa akimpigia hadithi. Nani ameposwa, nani amekataa, jirani gani amepandisha ukuta ukamzibia mwenziwe dirisha. Nyumbani baba hakuwa na masikio ya mambo hayo, alikuwa na redio yake na gazeti lake. Lakini pale chini ya gari hakuwa na pa kukimbilia, nami naapa alikuwa akicheka. Nilikuwa nikiwaonea wivu, nasema kweli. Nilikuwa nimeachika mwaka mmoja nyuma, nimerudi kwa wazee, na mimi na yule aliyekuwa mume wangu hatukuwahi kuwa na kazi hata moja ya kufanya pamoja.

Kisha kakangu akajitia kati. Alikuwa Ulaya, na kule amewaona watu wenye magari ya zamani, akarudi na elimu. Alipokuja likizo alibeba chupa kadhaa za mafuta ya zambarau, zimefungwa kwa nguo zake za ndani zisivunjike, pamoja na bahasha ya mipira mipya ya breki, seti nzima. Alikaa sebuleni akatueleza. Haya ni mafuta ya silikoni. Hayanywi maji. Hayali rangi ya gari, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu yale ya kawaida yakidondoka tone moja kwenye bodi yanabandua rangi, na baba alikuwa akitembea na kitambaa begani siku nzima kwa kulihofia tone hilo. Ukishatia ya silikoni, akasema kakangu, umetia. Huna haja ya kuhangaika kila mwaka.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, maana kakangu asiposikilizwa huanza upya. Kisha akauliza maswali yake. Je, yanachanganyika na haya yaliyomo? Kakangu akasema hayachanganyiki kabisa, lazima kila kitu kifunguliwe, vipaipu vioshwe kwa spiriti mpaka vikauke, mipira yote itupwe na kutiwa hii mipya. Je, breki inakuwa ngumu kama sasa? Hapo kakangu akakohoa kidogo. Akasema inakuwa laini kidogo, lakini mtu huzowea. Baba akasema yeye breki inayobonyea kama mto hana imani nayo. Breki ni lazima ikujibu. Akauliza tena, hao wa Ulaya magari yao ya zamani wanayaendesha? Kakangu akasema mara moja moja, wakati wa jua. Miezi mingine hulazwa gereji, yakafunikwa shuka.

"Basi hayo ni mafuta ya gari lililolala," baba akasema. "Langu liko macho."

Kakangu akaudhika, mimi nikacheka, mama akaenda kutia chai. Chupa za zambarau zikawekwa juu ya kabati pamoja na ile bahasha, na mambo yakaishia hapo kwa muda.

Mama alianza kuumwa mwaka uliofuata. Mwanzo tulidhani ni tumbo tu, akanywa dawa zake za majani, akaagiza na za hospitali asizozimaliza. Ilipojulikana kuwa ni ini, alikuwa ameshapungua mikono na uso, na miguu imefura. Akawa anapelekwa hospitali kila wiki. Baba alikuwa akilileta gari mpaka mdomoni mwa kichochoro, na vijana wa jirani humteremsha ngazi amekaa juu ya kiti, buibui lake limefungwa vizuri, akiwaambia wasimtingishe yeye si gunia la mchele. Alikuwa mtu wa mzaha mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mkali, nikigombana na wauguzi, na madaktari, na watu waliokuja kumtazama wakakaa hadi usiku. Hasira ilikuwa ndiyo njia pekee niliyoijua ya kuogopa.

Mwezi wa mlisho ulipokaribia, mama ndiye aliyelianzisha. Tulikuwa watatu tu chumbani, baba akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Akanyoosha kidole juu ya kabati.

"Yatie yale mapya mwaka huu, bwana," akasema. "Yatie sasa, nami ningali naweza kukukanyagia."

Mimi nilielewa hapo hapo, na baba naye alielewa, kwa sababu mikono yake ilisimama. Mama alikuwa anataka kumwachia gari lisilomhitaji yeye. Baba alisema gari likifunguliwa lote litakaa juu ya mawe wiki nzima na zaidi, na nani atampeleka hospitali? Mama akasema teksi zi tele. Baba akasema teksi haziwezi kumngoja. Mama akasema zitalipwa zingoje. Kila mmoja alijua kwamba hawazungumzii teksi.

Mwisho baba akasema, "Mwaka ujao tutayatia. Utakanyaga wewe, Inshallah."

Mama akamtazama. Akasema, "Haya," kwa ile sauti anayomwambia muuza samaki anayemjua kuwa anamdanganya. Akavuta leso akajifunika.

Basi wakatia yale ya kawaida, kama miaka yote. Siku hiyo nilikwenda nao, mara yangu ya kwanza kutoka nao nyumbani, kwa sababu mama hakuweza kuingia garini peke yake. Nilimweka kitini. Baba akajitandikia gunia, akaingia chini. "Kanyaga," akasema. Nilimwona mama anauangalia mguu wake wa kulia, umefura hata vidole havijulikani, kisha akauinua kwa mikono miwili, akaupachika juu ya pedeli.

"Ngoja," akamwambia. "Nalitafuta guu."

Baba akangoja. Pale alipolala hakuwa akimwona, alikuwa akisikia tu. Mama akakanyaga kwa kujisukuma kwa mgongo wote. "Shika." Akashika, kipaji cha uso kikamtoka jasho. "Wata." Wakenda hivyo gurudumu la kwanza, na la pili. La tatu nikamwambia mama anipishe mimi. Akaniambia niwate, hiyo ni kazi yake. Nilitazamia baba ataingilia kati, aseme mpishe mtoto, lakini baba akasema tu, "Kanyaga." Mama akamaliza yote manne. Hakuwa na pumzi ya kupiga hadithi siku hiyo, na baba, aliyekuwa hana maneno maisha yake yote, ndiye aliyekuwa akizungumza, akimhadithia habari za bandarini ambazo mama ameshazisikia mara ngapi.

Tuliingia Ramadhani naye, tukasherehekea Idi naye. Kabla ya Idi ya pili alikuwa ameondoka.

Sina la kusema juu ya siku hizo ambalo watu hawalijui. Nyumba ilijaa, ikasomwa khitima, watu wakala, watu wakaenda zao. Kakangu alikuja akarudi. Baba akawa anaamka, anaswali, anakwenda Ganjoni, analiwasha gari lake, analirudisha. Alikuwa akilitumia kwa safari ambazo zamani angekwenda kwa miguu. Nilifurahi kwamba ana kitu cha kumtoa nyumbani, nikamwacha.

Mlisho ukafika. Nikamwambia, Baba, mafuta ya breki, lini tunakwenda? Nitakukanyagia mimi. Akasema tutaangalia. Ramadhani ikaingia, nikamkumbusha, akasema saumu na kulala chini ya gari haviendi pamoja, na miaka yote alikuwa akikimbilia kabla ya mwezi kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya Idi nikamkumbusha tena. Akanijibu kwa ukali kwamba gari ni lake na breki anazisikia yeye. Nikamjibu na mimi kwa ukali, maana ukali wenyewe nimeurithi kwake, kwamba mwaka umepita, na yeye ndiye aliyenifundisha kuwa mwaka ukipita hayafai. Nikamshushia na chupa za zambarau kutoka kabatini, nikaziweka mezani mbele ya sahani yake. Nikamwambia, kama hutaki kuhangaika kila mwaka, haya hapa. Akazirudisha mwenyewe juu ya kabati, kwa mkono wa taratibu, akamaliza kula.

Mvua kubwa za mwaka huo zikapita, kuta za nyumba zikaota ukungu mpaka ghorofani. Mimi kila nikimsikia anachukua funguo nilikuwa nikimfuata mpaka ngazini. Nilifikiri ni ukaidi wa uzee. Nilifikiri pengine amechoka kuishi, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi.

Siku yenyewe alikuwa akivuka kwenda Likoni kumtazama shemeji yake. Anayepajua pale pa feri anaujua mteremko ule, magari yamepanga foleni kuelekea majini, mikokoteni na watu wamejaa kati yake. Alikanyaga na mguu ukateremka hadi chini. Akakanyaga tena, hakuna kitu. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya kwanza, akalipindisha gari ukingoni likapanda kwenye jiwe, likagonga mkokoteni wa madafu. Madafu yakabingirika mpaka majini. Mwenye mkokoteni alikuwa ameruka kando, hakuumia, na watu walipomwona dereva ni mzee mwenye kanzu wakamshika mkono wakamkalisha kivulini badala ya kumtukana. Gari likavutwa mpaka Ganjoni.

Aliporudi nyumbani alikuwa na mchanga kwenye kanzu. Nilimpa maji. Alipoyamaliza nikamwangushia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia nusura amuue mtu. Nilimwambia mimi nimeshazika mzazi mmoja na sitaki kumzika wa pili kwa sababu ya chupa ya mafuta. Nikamuuliza kwa nini, Baba, niambie kwa nini tu, nami sitakusumbua tena.

Akaiweka gilasi chini. Kisha akaniambia kwamba alijua. Mpira wa gurudumu moja la nyuma ulikuwa umeanza kuvuja kitambo, na alikuwa akiona mafuta yanapungua koponi mle ndani ya boneti, na hakuongeza hata tone.

"Ningeongeza yangechanganyika," akasema.

"Yachanganyike na nini?"

"Mafuta yalomo mle ni yale alosukuma mamako kwa guu lake. Nikiyatoa nitampata wapi mtu wa kunirudishia?"

Nilikaa chini. Hasira yangu yote ya miezi mingi ilinitoka, ikaniacha sina cha kushikilia. Nikalia mbele yake, naye akalia, tukawa tunalia kama wageni wawili waliokutana hospitalini, kila mmoja anamwonea haya mwenziwe.

Ni yeye aliyesema, baada ya kuswali, kwamba tutatia ya zambarau. Nilimuuliza kama ana hakika, kwa sababu breki itakuwa laini na yeye hapendi. Akasema mamako aliyataka hayo. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba mafuta ya kila mwaka yanataka mtu wa kila mwaka.

Kazi ilituchukua Jumamosi na Jumapili kadhaa. Baba alifungua magurudumu yote, akaitoa mipira ya zamani, imelainika na kuchanika, na ndani ya chuma kulikuwa na kutu aliyoisugua kwa kidole akitikisa kichwa. Mafuta aliyatoa polepole, kipaipu baada ya kipaipu, akayakinga kwenye chupa ya achari. Yalikuwa yamekuwa meusi kama chai iliyochemka sana, na hayakufika hata nusu ya chupa. Aliifunika chupa akaiweka dirishani, mbali na miguu yetu. Tukaosha vipaipu kwa spiriti, tukavipuliza kwa pampu ya baiskeli. Tukatia mipira ya kakangu. Tukamimina mafuta ya zambarau.

Nikavua kiatu nikakaa kiti cha dereva. Pedeli ilikuwa imelika upande mmoja, upande wa kulia, na kisigino changu hakikukaa pale panapotakiwa. Baba akasema kutoka chini, "Kanyaga," nami nikakanyaga kwa nguvu kama ninavyofanya mambo yangu yote. Akanionya. Mafuta haya ukiyaharakisha hufanya povu, na povu hilo halitoki upesi. Polepole, mwanangu. Nikajifunza. Kanyaga, shika, wata. Sikuwa na hadithi ya kumpa. Nilijaribu moja, ya mwalimu mwenzangu na mkwewe, akaniambia nisiseme, nisikilize tu. Tukamaliza magurudumu yote manne kwa kimya, na breki ikapatikana, laini kidogo, lakini gari likasimama.

Alitoka chini, akajipangusa. Nilianza kukusanya vyombo, spana, matambara, makopo. Nikaichukua ile chupa ya achari dirishani, nikatoka nayo nyuma ya banda kwenda kuimwaga, kwa sababu uchafu humwagwa. Nilipofika nje nikasimama. Nilifungua kifuniko, nikakifunga. Mkono ulikataa.

Baba akaja nyuma yangu. Akaichukua chupa mkononi mwangu bila ya kunivuta.

"Nipa," akasema. "Mwenyewe ni mimi."

Siku aliyozikwa mama, mimi nilikuwa juu na wanawake wenzangu, kama ilivyo ada yetu. Jeneza nililiona kutoka dirishani mpaka lilipokunja kona ya Ndia Kuu, na baada ya hapo sikuona kitu. Baba ndiye aliyeteremka kaburini kumpokea, na hakuwahi kunihadithia, wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Alichutama kwenye mchanga, akachimba shimo dogo kwa mikono. Akayamwaga polepole, akaitikisa chupa mpaka tone la mwisho likatoka. Mafuta yakanywewa na mchanga. Kisha akalifukia shimo, akausawazisha mchanga kwa viganja vyake, huku na huku, akakaa pale ameinamisha kichwa, midomo inakwenda. Mimi nilisimama karibu naye, nikaitikia amin. Safari hii nilikuwepo.